Sauti Zisizokuita

Mtu akitaka kumsifia mgeni mji wa Lamu, neno la kwanza ni kwamba hakuna magari. Hata sisi wenyeji, tukiwa Mombasa au Nairobi tukaulizwa kwetu kukoje, tunaanzia hapo hapo: hakuna honi, hakuna matatu, kumetulia. Ni kweli kwamba vichochoro vya Mkomani na Langoni havipitishi gari, na mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 pamoja na vichochoro vyake hivyo vyembamba. Lakini ukisema "kumetulia" hujasema lolote kuhusu kinachosikika. Umetaja kisichokuwapo, basi. Na Lamu hainyamazi. Usiku wa manane kuna punda anayelia mahali, jogoo asiyejua saa, kikohozi cha mzee aliyeamka kutia udhu.

Mimi zinanishughulisha sauti zile zilizo nzuri, zinazokaa pembeni ya shughuli zako siku nzima bila kukusumbua, na ambazo ukiambiwa uzieleze unabaki umefungua mdomo. Kuzipenda ni rahisi. Kuzisema ndiko kunakotaka kazi, na naamini kazi hiyo inafaa kufanywa kwa Kiswahili, tena kwa bidii.

Aliyenisukuma ni binti wa kaka yangu. Anasoma Nairobi, na chumba chake kinatazama barabara isiyolala. Jioni moja tulikuwa tunazungumza kwa simu, mimi nimekaa kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, akaniambia, "Shangazi, nyamaza kidogo nisikie nyumbani." Nikanyamaza. Akasema hasikii kitu. Mimi nilikuwa nasikia mambo chungu nzima: kunguru wanaogombea pa kulala, mtu anakuna nazi upande wa pili wa ukuta, watoto wanakimbia na kandambili chini ya wikio, lile daraja linalounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro. Yeye akasikia kimya, kisha "hallo, hallo?" ya mtu anayedhani laini imekatika.

Sababu yake inajulikana. Simu tangu zamani zilipangwa kupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, kiasi kinachotosha maneno ya binadamu yaeleweke. Simu za siku hizi hupitisha zaidi ya hapo, lakini zimeongezewa programu inayochuja kila kinachoonekana si maneno. Yaani kifaa kimeundwa kunitafuta mimi na kufuta nyumba niliyokalia. Akaniambia, "Basi niandikie."

Nilipokaa kuandika, maneno yaliyokuja mbio ni ya sifa: sauti nzuri, sauti tamu, sauti laini, sauti ya kutuliza. Maneno haya yananieleza mimi zaidi ya yanavyoieleza sauti. Mtu wa Nairobi akisoma "sauti tamu ya jioni" hasikii chochote, kama alivyokuwa hasikii kwenye simu.

Utajiri wa lugha yetu katika jambo hili umo kwenye vitenzi. Upepo huvuma, radi hurindima, majani makavu huchakarisha, kuni mbichi hutatarika, chemchemi hububujika, mfereji hutiririka, mlango mzee hulia kwi. Kila kitenzi kimeshabeba ndani yake kitu kinacholia na namna kinavyolia. Wazee walikuwa makini kiasi cha kutenganisha maji na maji: "Chururu si ndo ndo ndo." Methali inahusu mambo mengine, lakini isingekuwa na nguvu kama masikio ya wasikilizaji hayakuwa yanajua, bila kufikiri, tofauti ya maji yanayochuruzika mfululizo na yale yanayodondoka tone baada ya tone. Hakuna aliyesema ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Walisema inavyolia, wakaishia hapo.

Basi nikaacha sifa, nikaanza kuandika nani anafanya nini.

Jirani anakuna nazi. Hiyo tu haitoshi, kwa sababu kukuna nazi kuna mwanzo, kati na mwisho, na kila hatua ina mlio wake. Meno ya mbuzi yanapozama katika nyama nene ya nazi mlio ni mzito, una unyevu ndani yake: krwa, krwa, krwa. Kati ya mkuno na mkuno kuna nafasi ndogo, nayo ni mkono unaozungusha kizio. Nyama ikipungua mlio hupanda na kukauka. Chuma kikigusa kifuu husikika mkwaruzo mfupi, mkali, na hapo mpishi mzuri huhamisha mkono, maana kifuu kikichanganyika tui huchafuka. Kisha kimya kidogo, kizio kitupu kinagonga sakafu, na kingine kinaanza upya kwa ule uzito wa mwanzo. Nikiwa upande wangu wa ukuta najua nazi ya kwanza imekwisha. Najua pia kama anayekuna ni mama mwenyewe au bintiye. Mama haendi mbio, na mikuno yake inalingana. Binti huanza kwa kasi, akachoka, akapumzika, akaanza tena.

Nilipomwandikia mpwa wangu hivyo alinijibu kwamba ameisikia, na kwamba amejua ni jikoni kwa nani.

Sauti nyingine niliyoiandika ni ya kata na birika. Nyumba nyingi siku hizi zina tangi juu na mfereji chini, lakini nyumba za kale za mawe zilijengewa birika, yaani hodhi la maji, msalani, na ndani yake huwekwa visamaki vidogo vya kula mabuu ya mbu. Anayeoga huchota kwa kata ya kifuu. Kata hugusa ukingo wa birika, ko. Huzama na kububuja mara moja. Hutoka ikidondoka, kisha yote humwagika mgongoni na kuanguka sakafuni kwa mpigo mpana. Mtu akioga huku wewe umelala chumba cha pili unasikia mpangilio huo ukijirudia, na hata kama hutaki kuhesabu, mwili wako unajua kata inayofuata itakuja lini.

Kuna maelezo ya kisayansi hapa yanayonifurahisha sana. Mwaka 1933 Mholanzi Marcel Minnaert alionyesha kwa hesabu maji yanayotiririka yanapata wapi mlio wao. Maji yenyewe yakiteleza bila kunasa hewa hayasemi mengi. Kinacholia ni viputo vya hewa vilivyomezwa na maji: kila kiputo hubanwa na kutanuka upesi upesi, na mtetemo huo ndio tunaousikia. Kiputo kikubwa hulia chini, kidogo hulia juu. Chenye upana wa milimita 6 hivi hutetema zaidi kidogo ya mara 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kata inapozama ikabubuja, lile bu! ni hewa iliyokuwa ndani ya kifuu inatoka kwa viputo vikubwa, na yale matone ya mwisho yanayolia juu, ti, ti, ni viputo vidogo sana vinavyozaliwa tone linapopasua uso wa maji. Tangu nilipolijua hilo, naandika maji kwa kutazama hewa inaingilia wapi. Maji yanayomiminwa kutoka juu hunasa hewa nyingi na kufanya fujo. Yanayomiminwa kando ya ukuta wa birika hushuka karibu kimyakimya.

Wako watu waliolifikiria jambo hili kwa upana kuliko mimi. R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki wa Kanada aliyefariki mwaka 2021, alitumia miaka mingi kuchunguza mazingira ya sauti ya miji na vijiji. Alizigawa sauti kwa mafungu. Fungu moja ni zile za msingi, zinazokuwapo wakati wote chini ya nyingine, ambazo mwenyeji hazisikilizi tena ingawa zimemlea: bahari kwa watu wa pwani, upepo kwa watu wa nyika. Fungu jingine ni sauti zinazotoa ishara, zilizowekwa makusudi zisikilizwe. Mgawanyo huo umenisaidia kulisema jambo ambalo wageni hulikosea mara kwa mara wakiandika kuhusu Lamu. Huorodhesha adhana pamoja na mawimbi na ndege, kana kwamba zote ni pambo la jioni. Adhana si sauti ya pembeni. Inakuita. Ina neno la kukuambia, na ina haki ya kukusimamisha ulipo. Uzuri wake ni wa namna nyingine kabisa, na kuichanganya na mvumo wa minazi ni kuipunguzia.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Sauti nzuri ya pembeni haikuiti. Inakwambia kuna mtu ana shughuli yake, na shughuli inakwenda, na wewe huhitajiki. Simila! ya mwenye punda inakuita, sogea usije ukakanyagwa. Kwato zenyewe zikishapita na kwenda zake hazikuiti tena.

Mfano nilioutafakari zaidi ni chuo cha Kurani. Asubuhi, watoto wa chuo cha mtaani kwetu husoma wote kwa pamoja lakini kila mmoja yuko pake: huyu yuko kwenye alifu na be, yule yuko Juzuu Amma, mwingine ameshavuka mbali. Ukimfuata mmoja kwa sikio unasikia maneno yake wazi, hata kosa lake unalisikia. Ukimwacha, anarudi kuzama ndani ya wenzake, na kinachobaki ni mvumo unaopanda na kushuka. Maalimu akitoka nje mvumo huporomoka, hubaki sauti chache za wenye bidii. Kivuli chake kikitokea mlangoni unapanda wote kwa mara moja. Mimi huwa naanua nguo au nachambua mchele, na kwa mvumo huo najua maalimu yuko wapi bila kutoka nyumbani. Nimejaribu kuandika "watoto wanasoma", nikaona haifai, maana inamfanya msomaji asikie maneno. "Chuo kinavuma" iko karibu zaidi. Kinavuma, na ndani ya mvumo kuna majina ya watoto unaowajua.

Nyumba zetu nazo zinachangia. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene, na upande wa njiani madirisha ni machache na madogo. Sauti nyingi huingia kwa kiwanda kilicho wazi juu, zikishukia kutoka angani badala ya kuingia kwa mlango. Njia nzima imeshazilainisha: zimegonga dari za jirani, zimepita chini ya makuti, zimekuja kwako zimepoteza makali. Ndiyo maana maongezi ya barazani kwa watu, yakisikika ndani, huwa yamebaki lafudhi na vicheko tu, maneno yameishia nje. Huwezi kuyasikiliza kwa siri hata ukitaka. Na ukikaa ndani adhuhuri ukasikia mvua ya ghafla, usikimbilie nguo kambani ikiwa kuna minazi karibu. Kuti la mnazi ni gumu, ndimi zake hupigana upepo ukija, na mlio wake na wa mvua ya mbali hata mzaliwa wa hapa hubabaishwa.

Umeme ukikatika ndipo unapojua ni vitu vingapi vilikuwa vinavuma. Friji linakoroma mara ya mwisho. Pangaboi linapunguza mwendo, mgongano wa ndoano yake unasikika mmoja mmoja, kisha unakoma.

Wanaotafuta usingizi kwa msaada wa sauti siku hizi huziita kwa rangi. Nyeupe ni ile yenye nguvu sawa katika mitetemo yote, nayo husikika kali, shhh ya redio iliyopoteza stesheni. Ya waridi hupungua nguvu kadiri mitetemo inavyopanda, na ya kahawia hupungua kwa kasi zaidi, ikabaki nzito, ya chini. Hii ya mwisho kwa asili haihusu rangi hata kidogo. Imetokana na jina la Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Skotilandi aliyeona mwaka 1827, kwa darubini, chembe zilizotoka kwenye chavua zikitikisika ovyo ndani ya maji. Kwa vipimo vya maabara majina haya yanafaa. Kwa mpwa wangu hayafai. Isitoshe kila moja huanza na neno "kelele", na kelele kwetu ni lawama. Hakuna mama aliyewahi kumwambia mtoto "piga kelele vizuri ulale".

Bahari ya Shela nitaiandika vipi basi, bila rangi? Nikilala kwa jamaa zetu huko wakati wa kusi, bahari kuu inasikika usiku kucha kutoka upande wa matuta ya mchanga. Ukisimama ufukweni penyewe wimbi lina sehemu nyingi: linainuka kimya, linavunjika kwa mshindo, linatambaa juu ya mchanga likichemka povu, linarudi likikokota changarawe na vipande vya makombe. Ukiwa kitandani, hewa imeshameza milio ya juu, kwa sababu hewa huila mitetemo ya juu upesi kuliko ya chini. Povu halisikiki, makombe hayasikiki. Umebaki mtutumo peke yake, nao hauna mapigo, kwa kuwa mawimbi ya ufuo mzima yanavunjika kwa zamu zisizolingana na kukufikia yamechanganyika. Kwa hiyo nimeandika "bahari inatutuma". Ufukweni linavunjika wimbi, kitandani inatutuma bahari. Umbali lazima uingie ndani ya kitenzi, la sivyo unampa msomaji sauti ya mahali pengine.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni walinifundisha kitu kingine tena. Nilikaa kivulini nikisikiliza mzee mmoja akitia kalafati: anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaisukuma katikati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo ya mti. Tok, tok, tok, kwa saa nzima, na karibu yake kijana mwingine anafanya hivyo hivyo upande wa pili wa chombo, mapigo yao yanapishana, yanakutana, yanapishana. Nikamwuliza, "Babu, sauti hii mwaiitaje?" Akaona swali la ajabu kidogo. "Mwanangu, hii ni kalafati yaingia." Nikang'ang'ania: anajuaje pamekwisha? Akaniambia nifumbe macho. Akapiga mahali pa kwanza, mlio ukawa mfu, umezama. Akaendelea hapo hapo kupiga, na kidogo kidogo ukakaza, ukapanda, mpaka ubao wenyewe ukaanza kuitikia. "Imeshiba," akasema. Kwa mpita njia ile ni tok tok ya kupendeza ya kijijini. Kwake ni mshono unaokula pamba mpaka ushibe, na sasa hata mimi nikisikia nyundo ile kwa mbali nangojea mahali patakaposhiba. Nimeipenda zaidi kwa kuijua.

Washairi wa huku waliyasikia haya zamani. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoonyesha majumba ya Pate yalivyobaki magofu, hasemi tu kwamba watu wameondoka. Anasema "husikii hisi wala ukeme". Ukeme ni ukelele, na kila mtu angeukumbuka. Yeye akaanza na hisi, sauti ndogo ya mtu kuwepo, ile ambayo ukiishi nayo huioni kuwa ni kitu. Halafu ndani ya kimya hicho akaweka bundi anayekoroma na nyenje wanaolia. Sijui kama yuko aliyewahi kulieleza gofu kwa sikio vizuri kuliko hivyo, na mimi nachukua kutoka kwake jina la ninachokitafuta: hisi ya nyumba, hisi ya mtaa.

Jambo moja bado nabishana nalo na marafiki. Wengi wao huondoa mashine zote katika hesabu. Ndege ndiyo, mawimbi ndiyo, injini hapana. Pikipiki za nyuma ya mji siwezi kuzitetea. Lakini injini za mashua siziondoi. Jioni moja nilikuwa nyumbani kwa mke wa mvuvi, tunachambua mchicha barazani, na boti zinarudi moja moja. Kwangu zote zilikuwa mngurumo mmoja. Mtoto wake wa kiume, hajaanza hata shule, alikuwa anacheza chini na vifuu. Boti ya kwanza ikapita hakuinua kichwa, ya pili hakuinua. Ya tatu ilipokuwa bado mbali akasema, "Hiyo ya baba. Yakohoa." Nikasikiliza, na kweli, kila baada ya mapigo kadhaa injini ilikatika kidogo na kushika tena. Mama yake hakuuliza lolote. Aliinuka, akanawa mikono, akateleka sufuria.

Nimemwandikia mpwa wangu hiyo pia. Ameniuliza kama ile boti ni mbovu, itengenezwe. Nimemjibu kwamba fundi ameshaambiwa, na nimemwandikia mapema inavyokohoa, maana akishaitengeneza mtoto yule itabidi ajifunze mlio mpya.